Uchu wa soda na chipsi unavyokula mtaji wa mchuuzi Magu

NI saa nne asubuhi katika stendi ya mabasi ya Magu mjini, kilometa 60 hivi kutoka jijini Mwanza kwa barabara kuu iendayo Musoma. Basi likisimama tu, vijana wanalikimbilia wakiwa wameinua ndoo za soda na maji ya chupa hadi usawa wa madirisha. Wengine wamebeba mayai ya kuchemsha, karanga, maandazi, biskuti na miwa iliyomenywa. Pembeni mafuta yanachemka kwenye karai la chipsi, na harufu yake inafika upande wa pili wa barabara.

Katikati ya pilikapilika hizo yupo mkulima aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akapakia magunia mawili ya viazi vitamu kwenye pikipiki na kuondoka nyumbani akiwa na kikombe kimoja tu cha chai ya rangi tumboni. Sasa viazi vimeuzwa, fedha ipo mfukoni na tumbo linaunguruma. Anaagiza soda baridi na chapati mbili. Saa nane anaagiza chipsi mayai na soda nyingine. Jioni anarudi kijijini na fedha pungufu, asijue imepungulia wapi.

Mkulima huyo hana jina moja. Ni yule unayemwona kila siku ya gulio, na pengine ni wewe unayesoma ukurasa huu.

Jambo la kustaajabisha katika safari yake ni kwamba alichokiuza kilikuwa chakula bora kuliko alichokinunua. Ameuza viazi vilivyotoka kwenye tuta lake mwenyewe, akanunua chapati ya ngano, zao ambalo sehemu kubwa yake hapa nchini huagizwa kutoka nje, zikiwamo Urusi na Australia. Hata mafuta yaliyoikaanga, kwa kiasi kikubwa, yamekuja kwa meli. Jirani yake aliyeuza dengu zinazokwenda India naye amefanya vivyo hivyo.

Mtu wa namna hii huambiwa kuwa ni mlafi, kwamba hana moyo wa kujizuia. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na maneno hayo. Uchu wa vyakula hivi una saa yake, una mahali pake na una chanzo chake, na yote matatu mkulima anaweza kuyapangia mapema kama anavyopangia palizi.

Hesabu ya chupa

Tuanze na fedha, maana ndiyo lugha ya gulioni. Tuchukue mfano wa soda ya shilingi 700. Msomaji aweke bei ya kwao. Soda mbili kwa siku ni shilingi 1,400. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 42,000, na kwa mwaka ni shilingi 511,000. Ongeza chapati mbili za shilingi 300 kila moja, utapata shilingi 219,000 nyingine kwa mwaka. Jumla ni shilingi 730,000, na bado hatujagusa chipsi.

Ukimwambia mkulima wa pamba atoe shilingi 730,000 kwa mkupuo kununua soda na chapati atakucheka. Hata hivyo anazitoa, kidogo kidogo, kwa mkono wake mwenyewe. Halafu Novemba inapofika anakopa fedha za kulimia.

Kwa mwenye duka hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye hata mfukoni hatoi. Anafungua jokofu tu. Tuseme kreti ya chupa 24 ameinunua kwa shilingi 13,200, yaani shilingi 550 kwa chupa, naye anauza 700. Faida ya kila chupa ni shilingi 150, na ya kreti nzima ni shilingi 3,600. Akinywa chupa moja, mtaji wa shilingi 550 umekwenda, na ili aurudishe atalazimika kuuza chupa karibu nne. Akinywa mbili kila siku, faida ya kreti nzima inakwisha ndani ya siku tatu na kidogo. Hapo hatujamhesabu ndugu aliyepita kusalimia akapewa moja, wala mtoto aliyelia akanyamazishwa kwa biskuti.

Wafanyabiashara wadogo wengi wakiona duka linadhoofika hulaumu kodi, ushindani au mkono wa mtu. Mara nyingine aliyelila duka ni mwenye duka. Dawa yake ni rahisi ingawa inauma: kila unachokichukua kwenye rafu kilipie kwa bei ile ile ya mteja, weka fedha kwenye sanduku na uandike kwenye daftari. Ukijiuzia kwa bei kamili, uchu wenyewe unaanza kusitasita.

Kilichomo ndani

Soda nyingi zina sukari kati ya gramu 10 na 13 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi inabeba gramu 35 hadi 45, sawa na vijiko vya chai tisa hadi kumi na kimoja. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anapata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani vijiko sita hivi. Chupa moja tu inavuka kiwango hicho, kabla ya chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu.

Sukari ya soda haina kazi kubwa tumboni. Inapita haraka na kuingia kwenye damu, kisha mwili unamwaga homoni ya insulini ili kuishusha. Kwa watu wengi, baada ya saa mbili au tatu sukari ya damu huwa imeshuka na njaa imerudi, safari hii ikidai kitu kitamu au chenye mafuta. Aidha, tumbo halihesabu vizuri kile kinachonywewa: aliyekunywa soda hapunguzi chakula chake cha mchana kwa kiasi kinacholingana. Ndiyo maana mkulima wetu wa saa nne tulimkuta tena kwenye kibanda cha chipsi saa nane.

Ubongo nao una daftari lake. Ukila kitu kitamu mahali pamoja na saa ile ile mara nyingi, unaandika mahali na saa. Siku nyingine ukifika pale, harufu ya mafuta na sauti ya kizibo vinatosha kuamsha uchu hata kama umeshiba. Watengenezaji wa vyakula vya viwandani wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu bidhaa zao huwekwa mlangoni na dirishani, mahali ambapo jicho halikwepi.

Madhara yake hayaonekani gulioni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban tisa katika kila 100 walikuwa na kisukari na 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu. Magonjwa haya yalizoea kuitwa ya wakubwa wa mjini. Leo mkulima anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, kwa kidonda cha mguu kisichopona anaweza kuambiwa kwamba chanzo ni kisukari ambacho amekaa nacho miaka mingi bila kujua. Kisukari hakina msimu. Dawa zake ni za kila siku, na mguu unaouma haupandi tuta.

Andazi la Kameruni

Kuna jaribio mashuhuri la kupima uvumilivu wa watoto, lililobuniwa na mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa: ukila sasa hivi utapata hiki kimoja, ukisubiri mpaka nirudi utapata viwili. Kisha anaachwa peke yake.

Miaka mingi baadaye watafiti wakiongozwa na Bettina Lamm walilipeleka jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne wa wakulima wa kabila la Nso, nchini Kameruni, na kuwalinganisha na watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani. Watoto wa Nso waliwekewa andazi dogo la mviringo linalopendwa kwao, jamaa ya maandazi yetu. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2017, yaliwashangaza wengi: karibu watoto 70 katika kila 100 wa wakulima walisubiri mpaka mwisho, wakati kwa Wajerumani waliosubiri walikuwa 28 tu katika kila 100. Watoto wa Ujerumani walihangaika, wakaimba, wakajisemesha. Wa Nso walikaa kimya, na wengine wakalala usingizi mbele ya andazi lao.

Sisemi kwamba Msukuma ni Mnso. Lakini anayedai kuwa mtu wa shamba hawezi kusubiri hajawahi kulima. Mkulima wa Magu anatupa mbegu ya pamba ardhini mvua zinapoanza, na fedha yake haioni mpaka ununuzi ufunguliwe mwaka unaofuata, mara nyingi Mei. Kati ya hapo kuna palizi, funza, kunyunyizia dawa, kuchuma na kupanga madaraja. Anayeweza hayo hakosi uvumilivu.

Mischel mwenyewe aligundua jambo jingine ambalo kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Kitu kitamu kikifunikwa au kuondolewa machoni, watoto walisubiri kwa muda mrefu zaidi kuliko kikiwa wazi mbele yao. Wale waliofaulu kikiwa wazi wengi walijigeuza, wakafumba macho, wakaanza kuwaza mengine. Hawakushindana nacho.

Mkulima anaijua mbinu hiyo bila kufundishwa na Stanford. Mbegu ya mwakani haiwekwi jikoni kwenye kapu moja na chakula. Inachanganywa na majivu, inafungwa, inatundikwa juu ambako moshi unaifikia. Mwezi wa njaa ukija, mbegu inasalimika kwa sababu iko mbali na mkono. Uchu wa soda unahitaji kutendewa hivyo hivyo: ukikaa karibu na jokofu ukitegemea moyo wako, ipo siku utachoka.

Usiku wa giza ziwani

Wapo ambao uchu wao una chanzo kingine. Wavuvi wa dagaa katika Ghuba ya Speke hufanya kazi usiku, hasa usiku wa giza ambapo mwezi hauzimi mwanga wa taa zao. Wanarudi mwaloni alfajiri wakiwa wameloa, wana njaa na hawajalala. Wanaowapokea ni wauza maandazi, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, waliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne tu kwa usiku mmoja, usiku mbili mfululizo. Homoni inayoleta njaa ilipanda kwa asilimia 28, ile inayoleta shibe ikashuka kwa asilimia 18, na vijana hao wakatamani zaidi vitu vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Usingizi pungufu, kwa maneno mengine, ni kiungo cha njaa.

Kwa hiyo mvuvi, dereva wa bodaboda wa usiku au mlinzi anayejikuta hashibi vitamu asijilaumu haraka. Aangalie kwanza saa zake za kulala. Kinywaji cha kuongeza nguvu hakiongezi usingizi alioukosa. Kinamkopesha, na kafeini yake ikinywewa alfajiri inamnyima usingizi wa mchana anaouhitaji. Samaki wa kukaanga aliyetoka kwenye mtumbwi wake mwenyewe, ugali na maji, kisha kulala, vitamfaa zaidi.

Soda ya mgeni

Lipo suala gumu zaidi kuliko njaa, nalo ni heshima. Watu wazima wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipoadimika nchini kote, watu wakapanga foleni tangu usiku. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya waliotajwa kuwa wahujumu uchumi, na bidhaa za kawaida za dukani zikakutwa zimefichwa majumbani. Aliyekulia wakati huo, kumwekea mgeni sukari nyingi kwenye chai ni kumpenda. Soda ni zaidi ya hapo. Mgeni akifika Kisesa, Nyanguge au Kahangara, mtoto anatumwa dukani mbio, na mgeni akikataa anaonekana amekataa nyumba.

Hilo halitatuliwi kwa hotuba ya bwana afya. Linatatuliwa na mwenyeji na mgeni wenyewe. Mgeni anaweza kuwahi: "Mwangaluka mayu, leo naomba maji na matobolwa kama yapo." Akiomba kitu, ameiheshimu nyumba, na mwenyeji ameokoa shilingi zake. Ugumu unabaki harusini na kwenye vikao vya rambirambi, ambako soda huhesabiwa na anayekosa hununa. Huko mtu anywe moja, baada ya kula.

Vilevile tusiwe wepesi wa kuisuta soda kabla ya kutazama maji. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 ulisambaa nchini na kufika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na watu walijifunza kuogopa maji ya kikombe cha kibandani. Soda imefungwa kiwandani. Mama anayemnunulia mtoto wake soda njiani wakati mwingine ananunua usalama. Anayetaka kuacha soda inabidi kwanza awe na maji anayoyaamini. Chupa ya lita moja na nusu iliyooshwa vizuri na kujazwa maji yaliyochemshwa nyumbani haigharimu kitu, na nusu ya uchu wa saa nne ni kiu tu.

Nigusie pia pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande. Mjamzito anayeutamani asichekwe. Uchu wa udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na mahali pake ni kliniki, apimwe damu na apewe vidonge vya madini ya chuma. Utafiti uliofanyika katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta katika udongo unaoliwa na wajawazito madini mazito, arseniki ikiwamo. Mchuuzi wa pemba naye angefanya vyema kulijua hilo kabla ya kununua mzigo.

Kilichopo ghalani

Turudi kwa mkulima wetu tangu alfajiri. Kosa lake halikutokea stendi, lilitokea nyumbani alipoondoka na chai tupu. Kiporo cha ugali wa dona au cha viazi, pamoja na maziwa ya mgando au dagaa, kingemfikisha saa saba bila kutazama karai la mtu. Dona ina pumba na kiini vyake, hivyo hukaa tumboni kuliko sembe nyeupe. Wengi wanakionea aibu kiporo siku hizi, lakini ndicho kilichowalimisha wazazi wetu.

Cha pili ni mfuko. Wasukuma walikuwa na chakula cha safari kabla ya biskuti kufika, nacho ni michembe na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, vinavyopikwa baadaye. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa vipande na kuanikwa, mara nyingi juu ya miamba ambayo wilaya hii imejaliwa. Matobolwa hutafunwa hivyo hivyo, ni matamu, hayaharibiki haraka na meno yanafanya kazi, hivyo mtu hali mengi kwa pupa. Yakiwa ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, yana vitamini A, ingawa ni vyema yakaushwe kivulini penye upepo maana jua kali huipunguza. Hata hivyo sukari ya asili imo, kwa hiyo mwenye kisukari apime kiasi.

Halafu kuna dengu. Inashangaza kwamba wilaya inayovuna dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga inazijua zaidi kama zao la kuuza. Gramu 100 za dengu kavu zina protini gramu 20 hivi, na protini ndiyo inayotuliza njaa kwa muda mrefu. Ziloweke usiku kucha ili kuokoa kuni, zichemshe asubuhi na chumvi kidogo, kitunguu na limao. Karanga za kukaanga zinafanya kazi hiyo hiyo, ila zilizoota ukungu au kubadilika rangi zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Choroko na mayai ya kuchemsha pia vimo.

Cha tatu ni njia. Kama uchu wako unaishi kwenye kibanda fulani, pitia upande mwingine wa soko. Kama hauna njia nyingine, kunywa maji, subiri robo saa na ufanye kazi ya mikono: panga magunia, hesabu fedha, funga mzigo. Uchu hupanda na kushuka kama wimbi, na mara nyingi robo saa inatosha. Sukari ya chai usiiache siku moja. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Ulimi huzoea, na ukifika kijiko kimoja chai ya zamani utaiona kama sharubati.

Na siku ukila chipsi, umekula. Kinachoharibu zaidi ni mtu kusema kwamba kwa kuwa siku imekwishaharibika basi aongeze na soda mbili. Wengine hujiwekea siku moja ya wiki, tuseme siku ya gulio kubwa, wakala wanachokipenda bila lawama. Utaratibu huo si mbaya ilimradi gulio lisiwe kila siku.

Kapu la pili

Bila shaka yupo mama lishe anayesoma haya akiwa na ndoo ya maandazi mbele yake, akijiuliza kama anafukuziwa wateja. La hasha. Maandazi yanasomesha watoto Magu, na hakuna atakayeacha kuyauza kwa sababu ya makala ya gazeti. Lakini bei ya ngano duniani ilipopanda mwaka 2022, kufuatia vita ya Urusi na Ukraine, wauza maandazi waliona jinsi biashara inayotegemea unga wa mbali inavyoyumba. Kapu la pili lenye kitu kilicholimwa hapa hapa ni kinga.

Ushahidi kwamba soko lipo uko kwenye madirisha ya mabasi. Mayai na karanga vinauzwa sambamba na soda, na muuzaji harudi navyo nyumbani. Abiria ananunua kilichonyanyuliwa mbele ya uso wake. Dengu za kuchemsha kwenye mfuko safi wa karatasi, au matobolwa yaliyofungwa vizuri, vinaweza kunyanyuliwa vilevile. Aanze na kilo moja, aone zinaisha saa ngapi, aandike, kesho yake aongeze au apunguze. Mwenye duka naye ajaribu kuhamisha jokofu kutoka mlangoni hadi nyuma, na mahali pake aweke karanga na matobolwa. Atawasaidia wateja wake, na yeye mwenyewe hatalifungua bila kunyanyuka.

Matobolwa hutengenezwa kwa wingi kiangazi, kati ya Juni na Agosti, viazi vinapokuwa vingi na bei yake gulioni ikiwa chini kabisa. Anayekausha wakati huo anauza miezi ya mvua, viazi vibichi vinapoadimika. Kinachowakwamisha wengi ni marando: kiangazi kirefu kinayaua na mvua zinapoanza hakuna cha kupanda. Tenga sasa kitalu kidogo kwenye unyevu, karibu na kisima au bondeni, ukizungushie miiba dhidi ya mbuzi. Kwa aina za viazi lishe, kama vile Ejumula na Kabode zenye asili ya Uganda, muulize ofisa ugani wa kata yako au Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi.